Jinsi ya kufanya risachi ya mwaka wa mwisho: anza na data, kichwa kitakuja chenyewe

Karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaanza risachi kwa kutafuta kichwa. Anakaa, anaandika "Athari za kitu flani kwa kitu flani", anapeleka kwa supavaiza, kinarudi kimechorwa mistari, anaandika kingine, kinarudi tena, mwezi unakatika. Mi nilifanya hivo hivo. Kichwa changu cha kwanza kilikuwa "Athari za teknolojia ya habari kwa maendeleo ya elimu" na supavaiza akaandika pembeni kwa peni nyekundu "Nani? Wapi?" basi, hakuongeza neno. Niliona ananionea. Saivi nikikisoma nacheka mwenyewe, maana hicho ni kichwa ambacho hata wizara nzima ikipewa miaka kumi haitakimaliza, na mi nilikuwa na miezi minne na laptopu inayozima charji ikichomolewa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaenda kinyumenyume kidogo. Tunaanza na data unazoweza kuzipata kweli, alafu swali, alafu kusoma, na kichwa kinakuja huko mbele.

Hatua ya 1: orodhesha data ulizonazo karibu

Chukua karatasi, andika watu unaoweza kuwafikia bila kuomba kibali cha miezi mitatu, nyaraka unazoweza kuzisoma, takwimu zilizowekwa wazi mtandaoni ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua, vifaa vya maabara ambavyo vinafanya kazi (sio vile vilivyoandikwa kwenye orodha ya vifaa, vinavyofanya kazi). Kila ukiandika kitu jiulize maswali matatu: nani ndo mwenye ruhusa, itachukua wiki ngapi, na nikinyimwa nina njia gani ya pili? Kitu kisicho na njia ya pili kifute. Najua inauma hasa kama ndo kile ulichokuwa unakitaka, ila wengi waliokwama niliowaona walikuwa wanasubiri barua kutoka ofisi moja ambayo haina haraka nao.

Mi nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili tuelewane. Tuseme unachoweza kukifikia ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa idara yako, wapo 180, na wana grupu lao la WhatsApp la darasa. Hiyo ndo hazina yako, ndogo lakini iko mlangoni.

Hatua ya 2: tengeneza swali dogo, na uogope neno "athari"

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana makosa mengi ya chapta za matokeo na mjadala yanazaliwa hapa. Neno "athari" ni tamu kuandika, ila ukishaliandika umeahidi kuonesha kwamba A ndo imesababisha B. "Athari za mitandao ya kijamii kwa ufaulu wa wanafunzi." Sawa, umegundua wanaoshinda kwenye simu wana maksi ndogo. Je simu ndo imewashusha, au walishakata tamaa na masomo ndo wakahamia kwenye simu, au vyote viwili vinatokana na shida ya tatu ambayo hujaiuliza kabisa, labda wanafanya kazi usiku ili wajisomeshe? Kwa dodoso moja lililojazwa siku moja huwezi kutenganisha hayo. Na kwenye difensi, ile siku ya kuitetea risachi yako mbele ya walimu, lazima atakuwepo mzee mmoja mpole amekaa pembeni, ndo atakuuliza hilo hilo.

Badilisha kitenzi. Badala ya "athari" uliza wanafanyaje, wanatumiaje, wanaelezaje, kundi hili linatofautiana vipi na lile, A na B vinahusiana kwa kiasi gani. Mfano wetu unakuwa: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa idara hii wanatumiaje grupu la darasa wiki mbili kabla ya mtihani? Hapo kuna nani, kuna wapi, kuna lini. Swali kama hilo unaweza kulijibu kwa dodoso fupi na mahojiano ya watu kumi na mbili, na ukilijibu vizuri linasomeka.

Jaribio langu la swali zuri: andika jibu moja la kubuni kabla hujaanza. "Wengi wanatumia grupu kutafuta mitihani ya zamani, wachache sana wanauliza maswali ya somo lenyewe." Kama huwezi hata kubuni sentensi ya namna hiyo, swali lako bado ni ukungu. Jibu la kubuni ukishalipima libaki kwenye daftari, usije ukaanza kulitafuta kwenye data kwa nguvu.

Hatua ya 3: kusoma bila kuzama

Watu wanapakua PDF 70 usiku mmoja, wanaziweka kwenye folda inaitwa "literecha", hawaifungui tena. Tafuta tatu au nne zinazolikaribia swali lako kweli kweli. Google Scholar inatosha kuanzia, ipo tangu 2004 na ni bure, na chini ya makala iliyokwisha kutajwa na wengine kuna kiungo ("Cited by") kinachoonesha nani wameitaja baadaye. Hicho kiungo ndo dhahabu. Orodha ya marejeo ya makala inakurudisha nyuma kwa waliotangulia, kile kiungo kinakupeleka mbele kwa waliokuja baadae, na ukifanya hivo kwa makala nne nzuri utaona majina yale yale yanajirudia, hapo ujue umeshaujua mtaa na wenyeji wake.

Usisome makala kama hadithi kuanzia juu. Soma ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), ruka angalia majedwali na picha, soma hitimisho, ndo urudi kwenye metodolojia (alivyoufanya utafiti wake) kama umeona inakuhusu. Nyingi zitaishia kwenye ikisiri na hamna dhambi. Kwa zile chache zinazobaki fungua jedwali kwenye Excel: nani, mwaka gani, aliuliza nini, kwa watu wangapi, alipata nini, alikosea au aliacha nini, na namba ya ukurasa. Namba ya ukurasa iandike siku hiyo hiyo jamani, usiseme ntarudi, maana mi nimewahi kutafuta sentensi moja siku mbili nzima na nilipoipata ilikuwa kwenye kitabu nilichokuwa nimekirudisha maktaba. Hiyo safu ya "aliacha nini" ndo itakuja kuwa mapitio yako ya maandiko. Mapitio sio kupanga mafulani, fulani alisema hivi, fulani naye akasema hivi, kama mahudhurio ya darasa. Weka wanaokubaliana pamoja, wanaopingana pamoja, alafu onesha pengo ambalo swali lako linaingia.

Kwa marejeo tumia Zotero, ni ya bure, inahifadhi makala na kukupangia orodha yenyewe kwa APA au mtindo mwingine wowote wa kuandika marejeo ambao idara inautaka. Makala ikiwa imefungwa wanataka hela, kwanza angalia kama maktaba ya chuo inailipia, kisha jaribu Unpaywall ambayo inatafuta nakala za wazi zilizowekwa kihalali, ikishindikana muandikie mwandishi mwenyewe barua pepe ya sentensi mbili. Wengi wanatuma na wanafurahi kwamba kuna mtu anawasoma.

Na hili la AI. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 kuna watu wanaiomba iwape marejeo kumi na inawapa, yamepangwa vizuri, yana mwaka na jarida na kurasa, na mengine hayapo duniani. Mwaka 2023 mawakili wawili New York walipigwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo hazijawahi kuwepo, walizipata huko huko. Kama mawakili wamenasa, we utapona kwa lipi? Itumie kukueleza neno gumu au kukuonesha sentensi yako imevurugika wapi, kama chuo chako kinaruhusu, lakini kila rejeo fungua kwa DOI yake (ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni) uone kwa macho. Angalia pia kama makala haijafutwa na jarida lililoichapisha. Ile makala ya daktari Andrew Wakefield ya 1998 kwenye jarida la kitabibu la Lancet iliyohusisha chanjo na usonji, watoto kumi na wawili tu, jarida lilikuja kuifuta 2010, na mpaka leo kuna watu wanaibeba kama ushahidi.

Hatua ya 4: jinsi ya kuishi na supavaiza

Supavaiza ana wanafunzi wengine, ana madarasa, ana ripoti zake, na imeili yako ya "Naomba maoni yako Dokta" yenye kiambatanisho cha kurasa 60 ataiweka pembeni aisome akipata nafasi, na nafasi haiji. Mpe kitu kidogo chenye swali la kujibika. Mfano:

"Shikamoo Dokta. Nimeambatanisha kurasa 4 za metodolojia. Nimekwama sehemu moja: nichukue wanafunzi wote 180 au nichague sampuli? Mi naona wote inawezekana kwa sababu darasa ni moja. Nitashukuru nikipata mwongozo wako kabla ya Alhamisi, ijumaa naanza kujaribu dodoso."

Umeona? Kuna kurasa chache, swali moja, msimamo wako, na tarehe. Hata akiwa kwenye foleni anaweza kujibu "chukua wote" na kazi ikaendelea. Mkishaonana ana kwa ana, jioni hiyo hiyo mtumie muhtasari wa mliyokubaliana kwa mistari mitano. Hii itakuokoa siku akisema "mimi sikukwambia ubadilishe hiki," na masupavaiza wanasahau, ni binadamu, alafu ana kumi na tano kama wewe.

Ukinyamaza wiki mbili kwa sababu hujaandika kitu unaona aibu, ya tatu aibu inakua, ya nne unamkwepa kwenye korido. Vunja mapema. Tuma hata ukurasa mmoja mbovu ukisema ni mbovu.

Hatua ya 5: ruhusa

Usiikimbie hii ukadhani ni makaratasi tu. Huko Tuskegee Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972, watafiti walifuatilia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli na bila kuwatibu, hata penisilini ilipokuwa tayari inajulikana kuwa ni dawa yake. Kamati za maadili na fomu za ridhaa zina historia kama hiyo nyuma yake. Kwenye mfano wetu jambo la kuangalia ni hili: kusoma meseji za grupu kisa na wewe umo, alafu ukazinukuu kwenye risachi, hapana. Watu waliandika mle wakidhani wanaongea na wenzao. Omba ridhaa, eleza utafanya nini na majibu yao, waambie wanaweza kujitoa muda wowote, na waambie rekodi za sauti utazifuta lini. Peleka maombi mapema kuliko unavyodhani inahitajika, kamati inakaa kwa ratiba yake.

Hatua ya 6: dodoso, mahojiano, na ile namba ya sampuli

Kila mtu anapenda fomula ya Yamane ya kupata sampuli, yani watu wangapi uwaulize badala ya wote: unachukua idadi ya watu unagawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa unalolikubali. Kwa watu 180 na kosa la 0.05 unapata 180 gawanya kwa 1.45, yani 124 na chenji. Jedwali la sampuli la Krejcie na Morgan la 1970 linakupa 123. Safi, zinakaribiana. Ila hizo namba zina maana kama umechagua watu kwa bahati nasibu kweli, kila mmoja kati ya wale 180 ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ukitupa linki ya dodoso kwenye grupu ukasubiri 124 wajaze, hao ni 124 wanaopenda kujaza malinki kwenye grupu, na risachi yako inahusu matumizi ya grupu! Wale wasiolifungua kabisa, ambao pengine ndo wenye jibu la kuvutia, hawamo. Kwa hiyo chukua orodha ya darasa, chagua kwa bahati nasibu, wafuate mmoja mmoja, hata kama ni kwa karatasi mlangoni baada ya kipindi. Darasa likiwa dogo hivi omba wote.

Maswali ya dodoso yawe machache. "Je, grupu linakusaidia kusoma na kufaulu?" hayo ni maswali mawili kwenye nguo moja, anayesoma sana na kufeli ajibu nini? "Huoni kwamba grupu linapoteza muda?" hapo umeshamwekea jibu mdomoni. Na "mara nyingi" kwako sio mara nyingi kwangu, uliza jana ulilifungua mara ngapi. Kabla hujalisambaza wape watu nane au kumi ambao hawatakuwa kwenye sampuli, kaa nao, angalia wanakwama wapi, pima dakika. Mi dodoso langu nililijivunia, nikampa rafiki yangu, swali la tatu akauliza "hapa unamaanisha nini?" na la saba pia, na la tisa, nikaenda kuliandika upya.

Mahojiano: maswali sita au saba ya wazi, na ujifunze kunyamaza. Mtu akimaliza kujibu hesabu mpaka tano kimoyomoyo, mara nyingi ataongeza kitu, na hicho alichoongeza ndo ulichokuja kukitafuta. Ujue pia kwamba saa moja ya sauti inaweza kukula saa nne au zaidi kuitaipu, kwa hiyo mahojiano kumi na mbili ya nusu saa ni wiki nzima ya vidole, panga ratiba ukilijua hilo.

Hatua ya 7: tunza data kama yai

Faili la kwanza la data lisiguswe, lipe jina lenye tarehe, tengeneza nakala ndo ufanyie kazi. Nakala tatu, sehemu mbili tofauti, moja iwe nje ya chumba chako, mtandaoni au kwa ndugu. Flashi sio bakapu. Chapta yangu ya pili yote ilikufa kwenye flashi niliyoichomoa kwa haraka, nikaiandika upya kwa siku tisa na hasira. Majina ya watu yatenge na majibu yao, wape namba. Na faili za kazi ziite "chapta3_mei12", achana na "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho kweli2".

Hatua ya 8: uchambuzi

Haraka tu hapa. Kama ni kuhesabu na asilimia, Excel inatosha, hakuna atakayekupa maksi kwa kutaja SPSS, ile programu ya takwimu. R na JASP nazo ni programu za takwimu, ni za bure ukitaka vipimo vikubwa zaidi. Anza na majedwali ya kawaida na grafu uone sura ya data kabla ya kukimbilia vipimo. Kwa mahojiano soma yote mara mbili, ya tatu ndo weka alama pembeni kwa rangi, na usizikimbie kauli zinazopinga unachokiamini.

Hatua ya 9: kuandika

Usianze na utangulizi. Anza na metodolojia, hiyo unaijua kwa sababu umeifanya, unachofanya ni kubadilisha "nitafanya" za kwenye propozo ziwe "nilifanya" (wengi wanasahau, utakuta mtu kamaliza risachi na bado anasema atakusanya data). Kisha matokeo, kisha mjadala, kisha urudi kunyoosha mapitio, utangulizi, ikisiri ya mwisho kabisa. Na kichwa ndo sasa, kinajiandika: "Matumizi ya grupu la darasa la WhatsApp kuelekea mitihani kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa idara ya fulani, chuo fulani." Hakina mbwembwe ila hakuna atakayekuuliza nani na wapi.

Andika kwa muda wa saa moja na nusu asubuhi kabla hujafungua simu, kila siku, na ulale. Ile ya kukesha na kahawa inakupa kurasa nane ambazo kesho yake unafuta sita. Tafuteni mwenzako mmoja mkae meza moja kila mtu na yake, mkipumzika mnaulizana umefika wapi, mwaka wa mwisho una upweke wake, hausemwi sana.

Turnitin, ile programu vyuo vinayokagulia kazi, inaonesha kufanana na maandiko mengine, haioneshi wizi. Asilimia ndogo yenye aya nzima uliyoikopi ni mbaya kuliko kubwa iliyojaa orodha ya marejeo na majina ya vipimo. Usibadilishe maneno mawili matatu ukadhani umeandika upya. Soma, funga, eleza kwa maneno yako kama unamwambia mdogo wako, alafu weka rejeo.

Hatua ya 10: difensi na baada ya hapo

Slaidi kumi, usizisome. Jiandae kwa maswali manne: kwa nini swali hili, kwa nini watu hawa, udhaifu wako ni upi, ungeanza upya ungebadilisha nini. Udhaifu useme mwenyewe kabla hawajautaja. Usichokijua sema "hilo sikulipima Dokta, data zangu hazifiki huko," watakuheshimu kuliko ukizunguka. Marekebisho watakayokupa yapange kwenye jedwali, maoni upande mmoja na ulichofanya na ukurasa upande wa pili, upeleke pamoja na nakala iliyosahihishwa.

Wale uliowahoji watumie matokeo kwa ukurasa mmoja wa lugha nyepesi. Alafu fungua fomu ya ridhaa uangalie uliwaahidi utafuta rekodi tarehe ngapi, uzifute siku hiyo, na zile zilizobaki kwenye simu pia.